Salamu za Mama Tineke

Matarr Jobe ni mtumwa wangu. Kwa ukoo mimi ni Njie, yeye ni Jobe, na tangu enzi za mababu Njie na Jobe ni watani. Naweza kumwita mlafi mbele ya mkwewe, naye akaniita mwizi wa mbuzi mbele ya imamu, na hakuna wa kununa. Nalisema hili mapema msije mkadhani namchukia. Ningekuwa namchukia ningemwita Bwana Jobe.

Sote ni madereva wa uwanja wa ndege, pale Yundum. Gari zetu ni za kijani, zile za watalii, ila kazi zetu si moja. Mimi ni wa foleni. Nafika asubuhi, naandikisha namba yangu, nakaa chini ya bati na wenzangu tukichemsha ataya, chai yetu kali ya majani mabichi, na ndege ikitua tunasimama kungoja mgeni asiye na mwenyewe. Jobe ni wa kibao. Mgeni wake ameshaagiza gari akiwa bado kwao kwenye baridi. Anajua jina la dereva, anajua rangi ya gari. Akitoka mlangoni anatupita sisi bila hata kutuangalia, anamfuata Jobe aliyesimama ameshika kibao chenye jina lake, na huyoo, wanaondoka. Watu wa foleni hatuwapendi watu wa vibao, na sioni kwa nini nifiche.

Lakini akili ya kibao haikuwa ya Jobe. Ilikuwa ya mkewe, Sohna. Zamani Sohna alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja kule Kotu, akawa anaona wageni wanavyofika siku ya kwanza ya likizo wamenuna, wametoka kubishana bei na watu kama mimi. Basi wakati wa kuondoka alikuwa akiwafuata kwenye viti vyao, anawapa namba yake na kuwaambia, mwaka kesho usihangaike, niandikie mimi, mume wangu atakuwa mlangoni. Wakaandika. Kufikia mwaka huu alikuwa na wageni arobaini na mmoja kwenye simu yake, wengine wanakuja kila msimu, wengine wameshaleta wajukuu.

Jobe mwenyewe Kizungu hakusoma. Alilelewa kwa ustadhi, herufi za Kiarabu anazijua, hizi nyingine anaziona michoro tu. Sohna ndiye aliyejibu ujumbe, aliyehesabu siku na ndege, aliyeandika vibao. Kibao chenyewe ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, naye akiandika kwa chaki, herufi nene zimelala upande mmoja. Wageni aliowazoea aliwaandikia utani. Mzungu mmoja mwenye kitambi alipokelewa na kibao kilichosema MJAMZITO WETU, akapiga nacho picha.

Sohna alikufa mwezi wa nane, siku ya Ijumaa. Presha ilimpanda asubuhi, kufika adhuhuri amekwisha, na alasiri tukamzika Sukuta, wanakokaa. Nilikwenda msibani kama mtani anavyotakiwa kwenda. Niliingia nikipiga kelele kwamba huyu Jobe amemuua mke kwa kumpikisha sufuria tatu za wali kwa siku, na nikadai nipewe fidia ya mtumwa aliyeharibika. Watu walicheka huku wakilia, ndiyo kazi ya mtani. Jobe alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aliniangalia kama anayesubiri nimalize ili apite.

Tangu siku hiyo hakunijibu tena. Namwita mlafi, anasema ndiyo. Namwambia mtumwa, nenda kaniletee sukari, anakwenda kuleta sukari. Mnaelewa ubaya wake? Jobe anamletea Njie sukari na kumkabidhi mkononi. Wenzangu wakaacha kucheka. Mimi nikaendelea, maana sikujua la kufanya jingine.

Hakuwa analia. Hakuwa amekonda. Akiwekewa chakula anakula, kikiondolewa anaacha. Gari alikuwa akiliosha asubuhi na kuliosha tena mchana, wala halijatoka. Siku moja nilimpa kikombe cha ataya kilichotoka motoni, kile ambacho hata mimi nakishika kwa ncha za vidole, akakinywa chote kwa mkupuo na kunirudishia kikombe. Nilimuuliza kama hakuungua. Akafikiri kidogo, akasema labda.

Na jina la Sohna hakulitaja. Wala hakutaja kwamba amekufa. Sisi tuliokuwepo hatukuhitaji kuambiwa, na wasiojua walimsalimia kama kawaida, naye akawajibu kama kawaida.

Hapo kwenye kawaida ndipo mambo yalipoharibikia. Huku kwetu salamu ni ndefu. Mtu anakuuliza wako wapi wa nyumbani, watoto, mama, mke, mmoja mmoja, na jibu ni moja kwa wote: yupo. Mtoto ana homa, yupo. Mke amekasirika amerudi kwao, yupo. Hata kama nyumba imeungua usiku wa jana, utasema wapo, na ni haki, kwa sababu salamu si mahali pa kutupia habari. Mkishakaa, mkishanywa maji, ndipo unavuta pumzi na kusema, sasa bwana, kuna jambo. Kila mtu analijua hilo. Jobe alikuwa akisema yupo, kisha hakai, hanywi maji, anarudi kuosha gari.

Mwezi wa kumi akaniletea simu ya Sohna. Msimu ulikuwa unafungua na ujumbe ulianza kuingia, naye alitaka nimsomee. Mimi nilisoma mpaka darasa la tisa, Kiingereza changu ni cha kituoni lakini kinafika. Tukaketi ndani ya gari lake. Wengi walikuwa wameandika mambo ya gari tu, tarehe, ndege, mifuko, viti vya watoto. Nikawa nawajibu, sawa, gari litakuwepo. Hilo halikuwa gumu.

Halafu tukafika kwa Tineke.

Tineke ni Mholanzi wa Rotterdam, mjane, mtu mzima wa miaka sabini. Maisha yake yote aliendesha tramu, kwa hiyo hakubali kukaa kiti cha nyuma, na akikaa mbele anakanyaga breki ambayo haipo. Miaka kumi na moja alikuwa akija. Mwaka wa kwanza alifika analia, ameibiwa mkoba huko alikobadilisha ndege, na Sohna, badala ya kumwacha hotelini, alimpeleka kwanza nyumbani akamlisha. Tangu hapo ikawa ndiyo njia: akitua, gari linakwenda Sukuta, anakula mchuzi wa karanga wa Sohna, wanazungumza mpaka jua lipoe, ndipo anapelekwa hotelini. Sohna alimfundisha salamu zetu zote, na yule mama alizishika kama mtoto wa madrasa. Kila mwezi walikuwa wakiandikiana.

Nikamsomea Jobe. Mama huyu alisema ndege yake ni ya tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi na moja, inatua saa saba mchana, Matarr amngoje. Halafu aliuliza: "Sohna, mbona kimya? Hujambo, mpenzi wangu?"

Nikamwangalia Jobe. Yeye alikuwa akifuta vumbi kwenye usukani kwa kidole.

"Nimjibu nini?" nikamuuliza.

"Mwambie yupo," akasema.

Nami nikaandika. Hapa sina wa kumsingizia. Mimi, Assan Njie, niliyeshika jeneza kwa bega hili la kulia, niliandika kwa vidole vyangu: Yupo. Wote wapo. Gari litakuwepo. Sikuhisi hata kwamba nimesema uongo, maana hilo ndilo jibu, na nilijua habari yenyewe itasemwa baadaye, watu wakishakaa. Simu haina kukaa. Hilo nililifikiria wiki mbili baada ya kutuma.

Majibu yake yalikuja jioni ile ile. Kwa kawaida alijaza mioyo na maua mpaka maneno hayaonekani. Safari hii alisema tu: "Asante. Nakuja."

Siku zikawa zinakaribia na mimi nikawa namwuliza Jobe atamwambia lini. Akasema akifika. Nikamwambia akifika atataka kwenda Sukuta moja kwa moja, atashuka garini akiita jina la mwenzake, je, unataka aambiwe na jirani akiwa ameshika zawadi mkononi? Jobe akasema atamwambia njiani. Nikamwambia basi jaribu hapa, niambie mimi, tuone kama mdomo unafunguka. Akachukua kitambaa, akafuta kioo cha gari. Kisha akauliza kama nataka maji.

Tarehe kumi na tatu Jobe alifika saa nne asubuhi na kibao mkononi, hakijaandikwa kitu. Akaniomba nimwandikie. Mwandiko wangu ni mbaya, mwalimu wangu aliwahi kusema kuku amepita, lakini nikaandika TINEKE na kujitahidi herufi zilale kama za Sohna. Hazikulala. Nikafuta nikaandika tena, zikawa mbaya zaidi, nikaacha.

Ndege ilitua saa saba na robo. Namba yangu ilikuwa mbali kwenye foleni, basi nikasimama karibu naye pale mlangoni. Wageni wakatoka na kofia zao, wenzangu wakaanza kuita. Tineke alitoka miongoni mwa watu wa mwisho, begi moja, nywele fupi nyeupe. Alimwona Jobe upesi. Lakini hakuja upesi. Alisimama hatua kumi hivi, akakitazama kibao. Alikitazama kwa muda ambao mtu angesoma barua. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kisha akaja, akamshika Jobe mkono kwa mikono yake miwili, na wakaenda.

Yaliyotokea njiani nimeyapata kwa Jobe mwenyewe, na Jobe ni mtu wa maneno machache. Kama mkiona mafuta yamezidi kwenye mchuzi, ni yangu, lakini nyama ni yake.

Anasema Tineke aliketi mbele kama kawaida, akafunga mkanda, na walipotoka getini akaanza salamu. Alisalimia kwa Kiwolof, vile alivyofundishwa. Je, una amani? Amani tu. Na mwili? Namshukuru Mungu. Mama mkwe? Yupo. Akamuuliza binti mkubwa kwa jina, yupo, na mdogo kwa jina, yupo. Akauliza habari za shemeji, za jirani mwenye cherehani, hata mbuzi wa kike aliyekuwa na mimba mwaka jana. Wote wapo. Jobe alikuwa anajibu na macho yako barabarani, na jibu la Sohna alikuwa nalo tayari. Alikuwa ameamua kwamba atasema yupo, halafu wakifika pale Lamin atasimamisha gari anunue maji, wanywe, kisha aseme kuna jambo. Alikuwa amelipanga hivyo tangu juzi.

Lakini Tineke akanyamaza. Salamu zikawa zimekwisha, na Sohna hakuulizwa.

Jobe akasubiri. Wakapita Lamin, maji hakununua. Anasema kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alisikia kitu, hapa chini ya mbavu, na hakukielewa mara moja. Baadaye akaona kwamba ni hasira. Mtu amemsalimia mpaka mbuzi wake akamruka mkewe.

Kizuizini polisi mmoja anayewajua aliinama dirishani, akamkaribisha mama nyumbani, akawapungia mkono wapite. Tineke akatabasamu. Walipoondoka akasema kwa upole kwamba leo amechoka, safari ilikuwa ndefu, afadhali apelekwe hotelini kwanza. Ya Sukuta yataangaliwa siku nyingine.

Miaka kumi na moja hajawahi kusema hivyo.

Jobe akamwambia chakula kipo. Dadake alikuwa amepika tangu asubuhi. Tineke akasema anashukuru, lakini asijisumbue. Wakafika pale njia zinapoachana, moja ya pwani kwenye mahoteli, moja ya Sukuta. Hapo Jobe akatoka barabarani akasimama kando, mbele ya mtu anayeuza matairi, akazima gari.

"Hujamaliza salamu," akasema.

"Nimemaliza, Matarr."

"Hujamaliza. Kuna mtu umemruka."

Tineke akatazama matairi. "Nisipokuuliza," akasema, "hutalazimika kunijibu."

"Niulize."

"Matarr."

"Niulize, mama. Usinifanyie hivyo. Niulize kama mtu."

Basi akauliza. Aliuliza kwa Kiwolof, kwa lafudhi ile ile ya Sohna aliyoichukua kwake: na Sohna, yuko wapi?

Jobe anasema mdomo wake ulianza wenyewe. Ulianza kusema yupo, ulimi umeshafika kwenye meno, na yeye akawa anauangalia kama wa mtu mwingine. Halafu ukageuka.

"Amekufa," akasema. "Mwezi wa nane, Ijumaa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa uwanja wa ndege nangoja watu wa kutoka Uswidi, ndege yao imechelewa, na simu yangu niliiacha garini kwenye chaji. Walinipigia mara kumi na saba. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni nimeshika kibao. Alikuwa amekiandika yeye asubuhi ile kabla sijatoka. Wale watu walipotoka niliwabeba, nikawapeleka mpaka kwao, nikashusha mifuko. Ndipo nikaona simu."

Mimi niliyasikia hayo kwa mara ya kwanza alipokuwa ananisimulia. Miezi mitatu nimekaa naye chini ya bati moja, namwita mlafi, na sikujua kwamba siku ile alikuwa amesimama hatua tano kutoka nilipokuwa mimi. Nilimwona. Nakumbuka nilimtania kuhusu viatu.

Tineke hakusema pole upesi. Alilia kwanza, bila sauti, akitafuta leso kwenye kila mfuko. Jobe akaangalia geji ya mafuta, ilikuwa nusu. Anasema aliona aibu kwamba mgeni analia na yeye mwenye mke anaangalia mafuta, lakini ndivyo ilivyokuwa, hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Halafu yule mama akamwambia kwamba alijua. Alijua tangu ile jioni. Alikuwa amemuuliza Sohna mwenyewe, kwenye simu ya Sohna, hujambo, na simu ikamjibu yupo. Mtu haulizwi hali yake akasema yupo. Sohna angeandika nipo, tena angeongeza na tusi. Akajua kwamba anayeandika si yeye, na kwamba anayeandika hawezi kusema. Mwezi mzima alikaa na jambo hilo peke yake, kwa sababu Rotterdam hakuna mtu hata mmoja aliyemjua Sohna, na huwezi kumlilia mtu mbele ya watu wasiomjua, wanakuletea kahawa tu. Aliwaza kuahirisha safari. Akaona gari ameshaliagiza, na dereva atakuwa amesimama mlangoni.

"Nilitaka kukupumzisha," akamwambia. "Nikasema nikikwepa mimi, wewe utapumzika."

"Sitaki kupumzika," Jobe akasema. "Nimepumzika sana."

Akawasha gari wakaenda Sukuta. Dadake aliwapakulia, mchuzi ukawa na chumvi nyingi, wakala wote. Tineke alikwenda makaburini na mabinti wawili, Jobe akabaki ndani akilala kwenye kiti. Saa kumi akampeleka hotelini. Hakuna jingine lililotokea. Nilimuuliza kama alijisikia nafuu baada ya kusema, akasema hapana, ila masikio yamezibuka, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege. Nikamwambia wewe ndege umeipanda lini. Hakunijibu, lakini aliniangalia vibaya kidogo, na mimi nikafurahi.

Kesho yake Jobe hakuwa na mgeni, ila alikuja. Sisi wa foleni tulikuwa wanne chini ya bati, birika la pili ndiyo kwanza linapanda. Akavuta ndoo akaketi karibu yangu, akanikabidhi ile simu.

"Waandikie," akasema.

"Nani?"

"Wote. Hao arobaini."

"Niwaandikie nini, Jobe?"

Alijua ninachofanya. Nilitaka aseme mbele ya wenzetu, na yeye akasema, sauti ya kawaida tu, kama anayetaja namba ya ndege: "Andika kwamba Sohna amekufa, na kwamba Matarr hajui kuandika, na gari litakuwepo."

Nikaandika. Nimeandika vibaya sana maishani mwangu lakini sijawahi kuandika polepole vile. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni fupi, herufi nne, na kila nikilimaliza naliona kama nimekosea tahajia, nafuta, naanza upya. Yupo niliiandika kwa sekunde moja. Hata yule anayesimamia birika alikuwa ameligeuzia mgongo. Nikatuma kwa wa kwanza, kwa wa pili, nikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho.

Majibu hayakungoja. Simu ikaanza kulia mkononi mwangu. Jobe akaniomba nimsomee, moja moja, bila kuruka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Norwe, alisema hajui la kusema, akalisema kwa mistari ishirini. Jobe akatikisa kichwa. Wa pili walikuwa mume na mke, wameomba namba ya kaburi, kana kwamba makaburi yetu yana namba. Akatikisa kichwa.

Wa tatu alikuwa bwana mmoja wa Uingereza, nimesahau jina. Huyo aliandika kurasa. Alisema Sohna alikuwa rafiki yake mkubwa katika Afrika nzima, malaika, nuru, kwamba hakuna siku iliyopita bila yeye kumfikiria, na kwamba anajua Sohna naye alimpenda hivyo hivyo. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya heshima. Jobe akainua mkono.

"Huyo," akasema, "Sohna alikuwa hampendi hata kidogo."

Nikashusha simu.

"Alikuwa akisema ananuka jibini. Bwana huyo akija, Sohna anajificha jikoni, ananiambia niseme amekwenda sokoni." Akacheka. Meno yake niliyaona, miezi mitatu sikuwa nimeyaona. "Mara moja alijificha jikoni masaa mawili, bwana, masaa mawili, huyu mzee amekaa tu barazani anamsubiri, na Sohna yuko nyuma ya mlango ananionyesha ngumi."

Alikuwa anacheka hadi mabega yanaruka, na sisi tukacheka naye, kisha kicheko chake kikapanda juu na hakikushuka. Akajiinamia pale kwenye ndoo, kichwa katikati ya magoti, akalia kwa sauti mbele ya foleni nzima, mchana, wageni wakipita na mabegi. Mimi ndiye mtani wake. Kazi yangu kwa wakati kama huo ni kumtukana mpaka aache. Nilitafuta tusi, sikulipata, nikaweka mkono juu ya mgongo wake na kuuacha hapo.

Ataya ikachemka ikamwagika motoni, hakuna aliyeiondoa. Simu ilikuwa bado inalia.

"Soma," akasema, kichwa hajakiinua.

Nikamsomea wa nne.